Difu Niliyoifunga Mimi, Akaikalia Mwenzangu

Vijana wa gereji, siku mliyonichinjia mbuzi wa kuniaga mlinipa daftari jipya na kalamu mbili, na mmoja wenu akasema, "Baba Difu, andika yote, hata ile ndogo-ndogo." Mkapiga makofi. Ndogo-ndogo ninazo nyingi. Kubwa ninayo moja, na hiyo hamkuniuliza. Nitaanza na ndogo kwanza, kama afanyavyo mtu mwoga, lakini msiniache njiani.

Kazi nilianzia Koboko, kwa Mzee Doka. Huyu alikuwa fundi wa malori ya jeshi kabla hajafungua gereji yake, na jeshi halikumtoka. Spana zake zilipangwa juu ya gunia kwa urefu, na ukirudisha namba kumi na nne mahali pa kumi na saba alikuita kwa jina lako lote pamoja na la baba yako. Mimi nilitoka Mvara, kijana wa misheni, nina cheti cha shule ya ufundi mkononi na shati jeupe lililopigwa pasi na mama. Mzee Doka hakukitazama cheti. Alilitazama shati.

"Hii shati iko ya kanisa," alisema. "Kazi iko chini ya gari."

Aliyenisitiri siku ile ni Yassin. Alikuwa amenitangulia wiki moja tu, mtoto wa palepale Koboko, babu yake na baba yake wote askari, na alikuwa mtu wa kucheka hata pasipo na kichekesho. Alivua ovaroli yake akanipa, akabaki na kaptura. Siku tatu za kwanza tuliosha krauni za difu kwa dizeli, mimi na yeye, tumechuchumaa kwenye karai moja. Krauni ni ile gia kubwa ya duara iliyomo ndani ya difu, yaani lile boksi la gia nyuma ya gari linalogawa nguvu kwa matairi mawili, na inazungushwa na gia ndogo iitwayo pinioni. Tuliziosha mpaka ngozi ya vidole ikawa nyeupe kama ya maiti. Siku ya nne mzee alituuliza kila krauni ilikuwa na meno mangapi. Hatukuwa tumehesabu. Tukaziosha upya.

Kuchagua difu alitufundisha kwa chaki. Unapandisha gari kwa jeki, unachora mstari kwenye propela, lile bomba refu linaloleta nguvu kutoka giaboksi, na mwingine kwenye matairi, unazungusha matairi yote mawili mara moja, na mwenzako anahesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikizunguka mara nne na karibu nusu, hiyo ni difu ya nguvu, gari linapanda kilima cha Arua Hill bila kuguna. Ikizunguka mara tatu na kitu, ni difu ya barabara ndefu iliyonyooka, mlimani italia. Siku hizi mna simu zinazowaambia hayo yote. Sawa. Lakini simu haijui kama mwenye gari aliwahi kubadilisha krauni akasahau kukwambia. Chaki inajua.

Kuhusu kuona meno yanavyogusana, vitabu vinataka rangi maalumu ya kupaka. Sisi hatukuwa nayo. Baadaye nilipooa niligundua kwamba rangi ya mdomo ya mke wangu inafanya kazi hiyo vizuri sana: unapaka meno machache ya krauni, unazungusha, unaona alama imekaa katikati ya jino au imekimbilia pembeni. Mke wangu aligundua siku ya Jumapili, tayari kwa ibada. Sitaandika alichosema.

Sasa sikilizeni sheria ya Mzee Doka, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Alisema mtu aliyefunga difu, yaani aliyekaza mambo ya ndani na kufunika, ndiye anayekaa juu yake siku ya majaribio. Dereva mbele, fundi nyuma, juu kabisa ya ekseli, ule mhimili unaobeba difu na matairi ya nyuma, na gari linakwenda mwendo wake wote. "Mutu nafunga difu, yeye nakalia difu," alisema. "Kama naogopa kukaa, arudi afungue." Hakukuwa na cheti wala sahihi. Watu wa Koboko, na baadaye wa Arua, wakiona fundi anapanda nyuma walijua kazi ni ya nani. Gari likirudi salama, fundi anashuka mbele ya watu, amejaa vumbi, na jina lake limepanda. Nimekalia difu nyingi kuliko viti vya kanisani, na nilizipenda safari zile.

Mzee Doka alipoishiwa nguvu za macho, mimi na Yassin tulihamia Arua tukafungua gereji yetu upande wa Oli, hii hii mnayofanyia kazi. Mimi nilishika difu na giaboksi, Yassin alishika breki na springi. Mnajua mtu wa kufanya naye kazi miaka mingi alivyo: alijua ninataka spana gani kabla sijanyoosha mkono. Watoto wake walikula kwangu, wangu walikula kwake, Idi na Krismasi. Mke wake, Hawa, alikuwa akitutumia uji wa saa nne, na alikuwa na ulimi. Nikimaliza kikombe aliniambia, "Ezama, hiyo tumbo yako iko na kifuniko kweli?"

Basi miaka tisa iliyopita akaja Taban na gari lake la mashindano. Taban mnamkumbuka, yule mfanyabiashara kijana wa Koboko aliyekuwa akishindana kwenye barabara za vumbi. Gari lilikuwa jepesi, la magurudumu ya nyuma kusukuma, injini imepandishwa nguvu mpaka ekseli yake ya asili ikashindwa: meno matatu ya krauni yalikuwa yamelala chini ya mafuta kama punje za mahindi. Mashindano yalikuwa Jumapili. Tulikuwa Jumatatu.

Nilitafuta ekseli siku mbili. Ya kwanza niliipata mjini Arua, imenyooka vizuri, safi, lakini chaki ilinionyesha mara tatu na kitu: gari la Taban lingetoka kwenye kona kwa uzito wa tembo. Ya pili niliipata Ariwara, ng'ambo ya mpaka, kwa Mkongo mmoja aliyekuwa amekalia ekseli ishirini kwenye kiwanja chake kama kuku anayelalia mayai. Hii ilikuwa mara nne na karibu nusu. Ndani yake ilikuwa na difu ya kubana, ile isiyoruhusu tairi moja liteleze peke yake huku jingine limelala. Vikalio vya springi vilikaa sawa na vya gari letu. Nilifurahi nikataka kumkumbatia yule mtu wa watu.

Niliipima kwa uzi kutoka mwisho hadi mwisho, nyumba yake ya chuma haikuwa imepinda. Nilifungua difu, nikabadilisha beringi za pinioni, nikaweka kila kitu, nikaiba tena rangi ya mdomo. Alama ikakaa katikati ya jino. Ilikuwa kazi nzuri. Hata leo, baada ya yote, nasema ile difu yenyewe ilikuwa kazi nzuri, na hilo linanichoma zaidi.

Tatizo lilikuwa kwenye shafti ya kulia. Shafti hizi ni vyuma viwili virefu, kila kimoja kinatoka ndani ya difu mpaka kwenye tairi. Kwenye aina ile ya ekseli, shafti inazuiwa isichomoke na pete moja ya chuma inayobana beringi. Pete ile ikiachia, shafti inatoka pamoja na tairi lake. Pete huingizwa mara moja tu: unaipasha moto yenyewe peke yake, inatanuka, unaiteleza juu ya shafti iliyo baridi, inapoa, inang'ang'ania. Ukiitoa, unatupa. Mimi nilikuwa nimebadilisha beringi, na pete mpya ya kulia haikuwepo Arua wala Ariwara. Kampala ilikuwepo. Basi la Kampala lingeileta Jumamosi.

Taban alikuwa amekaa juu ya tairi anatikisa mguu. "Fundi, mimi nataka majaribio kesho Alhamisi. Iwezekane."

Nilipaswa kusema haiwezekani. Neno moja. Lakini watu walikuwa wamesimama getini wakiangalia gari, na mmoja akasema, "Ezama hashindwi na difu." Yassin alikuwa ametoka kufuata breki. Nikarudisha pete ya zamani. Iliingia kwa mkono, bila kupashwa moto wala kupigwa nyundo. Ilikuwa imelegea. Nikachukua mashine ya kuchomelea, nikaichoma pete ile juu ya shafti, nukta mbili, kila moja ndogo kama punje ya mtama.

Mzee Doka alikuwa ametufundisha hili kabla ya lingine lolote. Chuma cha shafti kimepikwa kiwandani kwa kipimo chake, na ukikigusa kwa moto wa kuchomelea, pale ulipogusa kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika. "Shafti hapana choma," alikuwa akisema, na kidole kimesimama. "Hapana, hapana, hapana." Mara tatu. Nilimsikia kichwani nikiwa nimevaa miwani ya kuchomelea, na nikachoma. Kisha nikapaka grisi juu ya zile nukta ili Yassin asizione.

Alhamisi asubuhi watu walijaa. Gari la mashindano halina kiti cha nyuma, kwa hiyo mkaaji huketi kwenye gunia sakafuni na kushika bomba la chuma. Taban aliwasha. Mimi nilisimama na ovaroli safi. Niliogopa. Nilijua nilichofunga, na niliogopa kukikalia.

Nikamwambia Yassin, "Ndugu yangu, tumbo linanikata tangu usiku. Nikae kwenye gari hili nitaaibika."

Akacheka, kama kawaida yake. "Wewe iko na tumbo ya mtoto! Taban, ngoja, mimi napanda." Akapanda, amekalia gunia, akawapungia watu kama bwana harusi. Niliona. Ningeweza kusema shuka. Gari lilikaa pale dakika nzima likinguruma, nami nikashika tumbo langu lisilouma, nikikunja uso kama mwigizaji. Aibu yangu yote ya maisha imo katika dakika hiyo.

Walishika barabara ya Koboko, wakapita Maracha salama. Mbele kidogo, kwenye mteremko, shafti ilikatika pale pale pembeni ya pete, na tairi la kulia likatoka na kipande chake. Gari liliacha lami likabiringika shambani kwenye mihogo. Taban alikuwa amefungwa mikanda, alitoka na mchubuko wa shavu. Yassin alikuwa amefungwa na mikono yake tu. Paja lilivunjika mara mbili na nyonga ikahama.

Nilifika shambani kwa boda. Yassin alikuwa ameshapelekwa hospitalini. Watu walikuwa wakisaidia kuinua gari, na kwenye majani nikaona kile kipande cha shafti na nukta zangu mbili zinang'aa. Nilikifunga ndani ya ovaroli. Kilizama kwenye choo cha shimo nyumbani kwangu kabla jua halijatua.

Hapo ndipo sheria ya Mzee Doka ilipomgeukia mtu mwema. Sikuhitaji kusema uongo wowote. Mji mzima ulikuwa umemwona Yassin akipanda. Aliyekaa ndiye aliyefunga, kila mtu anajua. Hata walioniona nikiishika, Taban mwenyewe akiwemo, walisema lazima Yassin ndiye aliyemalizia na kufunika, la sivyo asingepanda. Akiwa kitandani, mguu umening'inizwa kwa kamba, Yassin aliwaambia waliomtembelea, "Mimi hapana funga hiyo difu." Wakamjibu, "Sasa ulikaa kwa nini?" Wakaja kuniuliza mimi. Ninakumbuka nilivyojibu, neno kwa neno: "Tulifanya kazi pamoja." Wakatikisa vichwa wakasema ona Ezama anavyomficha mwenzake, ana moyo. Mimi nikakubali kusifiwa.

Mguu ulipona mfupi. Yassin alirudi gereji kwa miezi miwili, lakini wenye magari wakaanza kuuliza, "Breki atashika nani? Kama ni yule, nitakuja siku nyingine." Waliuliza mbele yake. Mwisho alikusanya spana zake, akarudi Koboko, akawa anatengeneza baiskeli na pampu za maji. Na mimi? Mimi ndiye mliyeniita Baba Difu. Jina lile lilianza mwaka ule. Kila mliponiita, nilisikia lawama, na niliitika.

Vijana, mtasema mbona hukusema baadaye, hata baada ya mwaka, hata baada ya miaka mitatu? Nilikuwa nikiahirisha. Mwaka wa kwanza niliona nitamtia hasira akiwa bado na maumivu. Mwaka wa tatu niliona ameshazoea. Hawa alipofariki nilikwenda msibani, nikakaa kwenye mkeka na wanaume, nikaona si mahali pake. Kwa mtu mwenye aibu hakuna mahali panapofaa.

Baada ya mbuzi wenu nilikaa na daftari hili wiki mbili. Nilijaza kurasa nane za chaki na krauni. Nilipofika kwa Taban, kalamu ilikataa. Nikaona nikiruka hapa nitakuwa nimemtia Yassin ndani ya kile choo kwa mara ya pili, safari hii kwa mwandiko mzuri. Jumatatu iliyopita nikapanda gari kwenda Koboko.

Nilimkuta barazani amekaa na pampu miguuni, mguu mbovu ameunyoosha. Binti yake, Zubeda, ambaye sasa ni mwalimu, alituletea chai. Yassin alifurahi kuniona, na furaha yake ilinimaliza. Sikugusa chai. Nilisema yote kwa mpigo: pete, nukta mbili, grisi, tumbo la uongo, choo.

Alizungusha nati ya pampu kwa vidole. Kisha akasema, "Mimi najua tangu hospitali. Wewe nakuja na machungwa, nakaa, naongea habari ya mvua, lakini mguu yangu hapana angalia hata siku moja."

"Kwa nini hukunisema?"

"Nilisema. Watu walikataa. Mimi nangoja wewe." Alisema bila ukali. "Miaka ya kwanza nangoja kila siku. Nikisikia gari iko nasimama njiani, nasema huyu ni Ezama. Baadaye nikaacha."

Nikaomba radhi. Nilipiga magoti pale barazani, mzee mzima, na yeye akasema inuka, inuka, watu wanaona. Kisha akamwita Zubeda. "Sema tena. Huyu asikie."

Nikasema tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu yule mtoto alikula mezani kwangu. Alisikiliza amesimama, mikono imefungwa kifuani. Nilipomaliza hakuniuliza mimi. Alimgeukia baba yake.

"Mama alijua?"

"Nilimwambia," Yassin alisema. "Hapana amini. Alisema, Baba Zubeda, kila fundi anakosea, mimi nimekusamehe, sasa acha kujitetea. Mpaka siku ya mwisho alikuwa nanisamehe."

Hapo ndipo nilipolia. Yassin hakulia. Zubeda alichukua kikombe changu kilichojaa, akamwaga chai uani, akarudi akasimama mbele yangu.

"Mzee Ezama," alisema, "umekuja kusema kwetu. Kwetu hapa hakuna mtu aliyemtukana baba. Walimtukana Arua, kwenye gereji yenu. Nenda useme huko."

Ndiyo maana daftari hili nawapa mkiwa wote mmekusanyika, na naomba mmoja wenu mwenye sauti alisome mbele ya geti, siku ya Jumamosi, wenye magari wakiwepo. Mimi nitakuwa nimesimama hapo, sitaugua tumbo. Jina la Baba Difu nimelivua, msiniite tena. Na mteja yeyote akiwasimulia habari ya gari la Taban, hata akiwa mtu mkubwa, mkatizeni mumwambie hivi: difu ile ilifungwa na Ezama wa Mvara, shafti ilichomwa na Ezama, na Yassin hakuigusa kwa mkono wake hata nati moja.